Hatua Kumi na Moja Kutoka Mlangoni

Mwezi uliopita koki ya jikoni kwangu ilianza kuvuja, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta kitu cha kuzibia. Kijana wa dukani akanipa ile tepu nyeupe. Nikamwambia sitaki hiyo, nataka katani. Akanitazama kama nimeomba kibatari. "Mama, katani siku hizi anatumia nani?" Hata hivyo aliingia stoo, akatoka na fungu moja lililojaa vumbi, na kabla hajaliweka mezani harufu ilikuwa imeshanifikia. Harufu ya mkonge mkavu na grisi. Ndivyo ilivyonukia mikono ya baba yangu maisha yake yote. Machozi yakanitoka mbele ya wateja, nikadhani ni msiba, maana tulikuwa tumemzika miezi miwili tu nyuma. Nilipofika nyumbani nikatulia, nikajichunguza, nikaona kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa ya wivu.

Sifichi, mimi ni mtu wa wivu. Wenzangu waliozaliwa huku mlimani walirithi migomba na kahawa, mimi nilirithi jicho la kuhesabu nani kapewa nini. Nikiwa mdogo nilimwonea wivu mdogo wangu kwa kulala upande wa ukutani, nikamwonea ng'ombe wetu kwa jinsi mama alivyomsemesha kwa upole. Lakini wivu mkubwa, ule ulioninyima usingizi na kunitia matatani, ulikuwa wa baba.

Kwetu ni Old Moshi. Baba alikuwa fundi wa maji mjini, na tulimwona Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri. Siku zilizobaki zilikuwa za mji. Alipanga chumba kimoja huko chini, na kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji ya mitaa, kwa sababu maji yalikuwa ya mgao: leo mtaa huu, kesho ule. Alikuwa bado kibarua, miaka yote hiyo. Mwaka ninaousimulia jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye orodha ya watu wa kuajiriwa moja kwa moja, na nyumbani kwetu jambo hilo lilitajwa kila sala ya jioni, kabla ya wagonjwa na baada ya mvua. Mama alishachagua mahali pa kuweka bati jipya.

Siku moja shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekaa na mama wakimenya ndizi. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, mahali nilipopata elimu yangu nyingi. Shangazi akasema, "Wifi, usiwe mjinga. Mwanaume akilala mjini siku tano, ujue kuna mtu anampikia." Mama akacheka kile kicheko chake kifupi, akasema, "Akipikiwa basi nitapumzika." Wakaendelea na ndizi. Wao walisahau. Mimi sikusahau, maana lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi sikutaka lije.

Likizo ya Pasaka nililia mpaka baba akakubali kunichukua nikakae naye wiki moja mjini. Mama alidhani nataka kuona maduka.

Kesho yake ya kufika mjini, kulipopambazuka tu, tulikuwa njiani kwenda kufungua maji. Baba alibeba begani ufunguo wa valvu, chuma kirefu kuliko mimi chenye mpini wa kukingama juu, na mfukoni alikuwa na fungu la katani, ile anayoizungushia kwenye nyuzi za bomba ili maji yasipenye. Alijua kila bomba linapopita. Michoro ya zamani, alisema, ililiwa na mchwa, na mifuniko ya chuma ya chemba, yale mashimo yanayokaa valvu za kufungia maji, ilishaibwa ikauzwa chuma chakavu. Kwa hiyo alifunika chemba zake kwa mawe bapa, akafukia udongo juu. Alikuwa anatembea barabarani, anasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu, anafukua kidogo, anashusha ufunguo, anazungusha huku akihesabu kwa Kichagga, kisha anainamisha kichwa kusikiliza. Chini ya ardhi kitu kilianza kuvuma. Nilijivuna. Nilikuwa natembea nyuma yake nikitamani darasa langu zima linione.

Kituo cha mwisho kilikuwa mtaa mmoja chini ya reli, mbele ya nyumba ya matofali yenye uzio wa michongoma. Na hapo mbele ya uzio, pembeni ya barabara, palikuwa na isale.

Nyie mliokulia mlimani hamhitaji maelezo, lakini watoto wetu siku hizi wanauliza. Isale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa mpakani. Kihamba chetu, shamba la ukoo penye nyumba, kilizungukwa na masale ya babu, na tulifundishwa kabla ya kufundishwa kuhesabu: penye isale pana mwenyewe. Huling'oi, huliruki, hulihamishi. Mtu anayehamisha isale ameiba ardhi, na kwetu alihesabiwa karibu na mchawi.

"Nani kalipanda?" nikauliza.

"Mimi," baba akasema, na akalipapasa majani kama alivyotupapasa sisi vichwa. Lilikuwa limefungwa uzi wa katani shinani.

Ubavuni mwa nyumba, nyuma ya michongoma, nikasikia mlango ukifunguka. Akatoka mama mmoja na mtoto wa kike wa umri wangu, anakimbia, ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo fundi!"

"Marahaba Neema. Umelimwagilia?"

"Jana na leo!"

Baba akapokea kikombe akanywa amesimama, kofia kichwani, huku akimtania yule mtoto kuhusu pengo lake la meno. Mama Neema akamletea na bakuli la kiburu. Kiburu! Ndizi na maharage, chakula chetu, chakula alichokula kwa mama Jumamosi, na hapa alikuwa anakila Jumanne. Mwanamke anayempikia nilikuwa nimempata. Mtoto nilikuwa nimempata. Na isale ndilo lililonimaliza: baba alikuwa ameweka mpaka. Akili ya miaka tisa haikuona njia nyingine ya kulisoma. Pale palikuwa kwake.

Baadaye nilijua kwamba Mama Neema alikuwa mjane, na kwamba baba alimwomba alilinde isale lisiliwe na mbuzi, naye akamwambia fundi, kwa kazi hiyo utakunywa chai hapa kila ukipita. Nilijua pia kwamba baba alipanda masale juu ya valvu nyingi za mji ule. Chuma kinaibwa, kibao kinachomwa moto, lakini isale Mchagga hagusi, na wasio Wachagga waliambiwa na majirani zao wasiguse. Hata dereva wa greda la barabara, mtu wa Rombo, Mchagga pia, alikuwa akiona isale ananyanyua kisu cha greda lake, anapita, anakishusha tena mbele. Hayo yote niliambiwa nikiwa nimeshachelewa.

Wiki ile nilikwenda pale kila asubuhi na kila asubuhi niliumia upya. Neema alinipenda, ndilo jambo baya zaidi. Alinivuta mkono akaniingiza ndani anionyeshe mwanasesere wake wa magunzi, na nikitoka nilikuwa nahesabu hatua kutoka kizingiti cha mlango wao hadi kwenye isale. Kumi na moja. Siku ya pili nikahesabu tena, nikiomba ziwe nyingi zaidi. Kumi na moja, kufuata mstari wa nguzo ya umeme iliyopinda. Nyumbani kwetu, kutoka mlangoni hadi kwenye isale la babu, zilikuwa hatua sitini na kitu. Kwa hesabu yangu baba aliipenda nyumba ile mara sita zaidi.

Ijumaa, siku ya mwisho, baba alikwenda kurekebisha kitu mtaa wa pili akaniambia nimsubiri pale. Neema aliingia ndani kuniletea chai. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo ulikuwa laini. Nilishika shina kwa mikono miwili nikavuta. Lilitoka lote, na mizizi, na uzi wake wa katani. Nikalikunja nikaliingiza kwenye begi langu chini ya nguo, nikasawazisha udongo kwa viatu. Nilipoinua uso Neema alikuwa kwenye pembe ya nyumba na kikombe. Sikujua ameona nini. Alinipa kikombe, nikainywa chai yake, kisha nikamkimbilia baba njiani kabla hajafika pale.

Jumamosi baba mwenyewe alilibeba begi lile begani, mlima wote. "Umejaza mawe humu?" aliniuliza. Nilimwambia ni viatu.

Nililipanda nyuma ya jiko, karibu na zizi, mahali ambapo mama alimwaga samadi. Nililinywesha maji nikalinong'oneza kwamba sasa mpaka uko huku. Nililala usingizi mtamu wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata baba alirudi mikono mitupu. Hakuleta nyama, hakuleta hata mkate. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka na suruali ilikuwa na tope hadi mapajani. Alikaa jikoni kwenye kigoda, na mimi nikachukua nafasi yangu nyuma ya mlango.

"Valvu ya chini ya reli imepotea," alimwambia mama.

"Inapoteaje, ina miguu?"

"Greda limepita Jumatatu. Limekata uzio, limefukia mtaro, limemwaga moramu kimo cha goti. Isale halikuwepo. Dereva anaapa hakuliona, na yule mtu hasemi uongo." Akajipangusa tope mapajani. "Jumatano bomba likapasuka mtaa wa chini. Siwezi kulifunga kwa sababu sioni valvu. Nimefunga bomba lote kubwa juu. Zahanati haina maji, shule haina maji. Nimechimba siku tatu, Mama Manka. Watu wanakuja kuangalia nikichimba."

"Na ile orodha?"

"Mkubwa kasema, fundi asiyejua valvu yake iko wapi ni mchimba mashimo tu. Kanipa mpaka Jumatatu. Isipoonekana, jina linatoka, na kibarua kinaisha."

Nilisikia kijiko kikikwangua chungu, na kilikwangua muda mrefu sana kwa chungu ambacho kilikuwa kitupu.

Nyie wa rika langu mnajua hofu ya mtoto wa wakati ule. Fimbo haikuwa mbali. Lakini siyo fimbo niliyoiogopa. Niliogopa kwamba baba akijua nimehamisha isale, atanitazama kama tulivyofundishwa kumtazama mtu wa namna hiyo. Ningekuwa nimempoteza kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyekuwa namvuta arudi. Na nikinyamaza, kazi yake ingekwenda, na mama angebaki na mahali pa bati bila bati.

Mficha uchi hazai. Asubuhi ya Jumapili, kabla ya kengele ya kanisa, nilikwenda nyuma ya jiko nikakata jani moja la lile isale, nikalifunga fundo. Nilishawahi kumwona jirani aliyegombana na babu kwa ajili ya maji ya mfereji akija na jani la hivyo kuomba msamaha. Alikuwa amemtukana babu mbele za watu, lakini alipofika na isale mkononi babu aliinuka akalipokea, maana isale likiletwa halikataliwi. Hiyo ndiyo mila niliyoitegemea. Sikuwa na wakili mwingine.

Baba alikuwa ananawa uso uani. Nikapiga magoti nikamnyooshea jani.

Alilitazama, akanitazama. "Nani kakutuma? Mama yako?"

"Hapana."

"Umekosa nini?"

Nikamshika kidole nikamvuta hadi nyuma ya jiko. Lile isale lilikuwa limeshika vizuri, limechangamka kwa samadi, na uzi wa katani ulikuwa bado shinani. Baba aliuinamia uzi ule. Fundo lake alilijua.

Alikaa chini, palepale kwenye samadi, na shati lake la kanisani.

"Kwa nini, Manka?"

"Nilidhani umeweka mpaka," nikasema, na kilio kikanijia. "Nilidhani kule ndiyo kwako. Yule mama anakupikia. Na Neema. Na shangazi alisema."

Sikujua kama mama alikuwa amesimama kwenye pembe ya jiko. Baba alipoinua macho alimwona kabla yangu. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akitaka mama naye acheke. Mama hakucheka.

"Baba Manka," mama alisema taratibu, "mtoto ameuliza. Mjibu."

Kicheko kikamwisha. Ndipo nilipojua kuwa sikuwa peke yangu nyuma ya mlango miaka ile yote.

"Kule ni valvu," baba akasema. "Kwangu ni hapa."

Alinijibu mimi lakini alikuwa anamtazama mama. Mama akasema chai itapoa, akaingia jikoni. Baba akalichukua lile jani lenye fundo akalitia mfuko wa shati. Hakunipiga. Alisema tu, "Hasara ni kwamba hata wewe huwezi kujua lilikuwa wapi. Greda limefuta kila kitu. Mimi nilikuwa napima kwa mtaro na kwa uzio, na vyote havipo."

"Najua," nikasema. "Hatua kumi na moja kutoka mlangoni, kufuata nguzo iliyopinda."

"Mlango upi?"

"Wa kwao Neema. Nilihesabu kila siku."

Baba aliinuka kutoka kwenye samadi. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ninayoisikia mpaka leo, "Mlango wao uko upande gani wa nyumba?"

Miaka yote ile ya chai, hakuwahi kufika mlangoni. Alikunywa nje ya uzio, amesimama, kofia kichwani, akaenda zake. Nilikuwa na miaka tisa na jambo hilo nililielewa palepale, bila kufafanuliwa. Mama naye, aliyekuwa amesimama kwenye moshi wake, alilielewa, kwa sababu chai iliyokuja ilikuwa na sukari ya wageni.

Hatukwenda kanisani. Tulishuka kwa miguu hadi Kiboriloni, tukapata pikapu ya kutufikisha mjini, baba amepakata lile isale kwenye kopo la rangi. Chini ya reli tulikuta mashimo kama makaburi, vibarua wanne wamekaa juu ya kifusi, mkubwa wao amekunja uso, na watoto wa mtaa wamejipanga kutazama. Niliingia kwa Mama Neema, nikamwamkia, nikasimama kwenye kizingiti. Nikaitazama nguzo. Nikatembea: moja, mbili, tatu. Hatua ya kumi na moja iliangukia mahali ambapo hakuna aliyechimba, katikati kabisa ya moramu mpya.

"Hapa."

Vibarua wakacheka. Baba hakucheka, alichukua sululu mwenyewe. Baada ya muda chuma kikagonga jiwe, mlio mpana, na baba akafunga macho. Waliondoa jiwe bapa, na chini yake valvu ilikuwa imekaa kwenye tope. Alishusha ufunguo akaanza kuzungusha, akihesabu kwa Kichagga, na alipomaliza aliinamisha kichwa akasikiliza. Bomba kubwa la juu likafunguliwa, na mtaa wa chini lile lililopasuka halikutoa tone. Walifunga katani na kiungo kipya jioni ile, na zahanati ikapata maji.

"Nani kamwonyesha mtoto huyu?" mkubwa akauliza.

Baba akaniweka mkono kichwani, mkono wa grisi na mkonge, mbele ya vibarua, mkubwa, Mama Neema na watoto wote wa mtaa. "Huyu ni binti yangu," akasema kwa sauti ya kusikika. Kwa nini nililijua jiwe lile hakusema, wala siku ile wala baadaye. Jina lake halikutoka kwenye orodha.

Nilitazama kumtafuta Neema ili nimwoneshe nilivyoshinda. Alikuwa kati ya rafiki zake, na wao walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Uso wake ulikuwa umewaka. Nilidhani ana hasira kwa kuwa alijua nani aling'oa. Halafu baba akanipa isale nilipande tena juu ya valvu, na kabla sijamaliza kulishindilia udongo akasema, "Manka amepanda, Neema atamwagilia." Kwa nini tugawane? Nililipanda kwa hasira, na nadhani ndiyo maana lilistawi.

Miezi mitatu iliyopita tulimzika baba kihambani, karibu na isale la babu. Siku ya tatu, watu walipopungua, mwanamke mmoja alipandisha njia ya kwetu akiwa peke yake. Sikumjua mpaka alipotabasamu. Neema ana duka sasa Bomang'ombe, amenenepa, amevaa kitenge cha heshima. Mkononi alishika jani la isale lenye fundo.

"Shoga, wewe ndiye wa kuniletea isale?" nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeling'oa."

"Hilo nilikuona," akasema. "Sikumwambia mtu. Hili ni langu." Akalinyoosha kwa mikono miwili, kama kile kikombe. "Shuleni nilikuwa nawaambia wenzangu fundi wa maji ni baba yangu. Tangu darasa la kwanza. Siku ile alipokuwekea mkono kichwani walikuwepo wote. Nilikuchukia, Manka. Nilikuchukia miaka. Nisamehe."

Isale likiletwa halikataliwi. Nililipokea, nikamshika mkono, nikamwingiza ndani nikampakulia kiburu, tukala na kulia na kusimulia mpaka jua likaelekea kuzama. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa nimemsamehe kweli, na bado lipo swali moja nililolimeza siku ile, na ninalimeza tena leo nikilifungua fungu hili la katani juu ya koki yangu. Wenzake aliwaambia ni baba yake, sawa. Lakini zile asubuhi nyingine zote, ambazo mimi nilikuwa mlimani, je, kuna siku alimwita "Baba" ana kwa ana, na mzee akaitika?